Ogopa Skripti Inayonyamaza

Wadogo zangu, safari hii mambo ya mawifi na wachumba tunayaweka pembeni kidogo, maana barua za kompyuta zimejaa mezani. Wengi wenu mnasoma misitu, kilimo au mipango miji, wengine mmeajiriwa kwenye miradi ya mazingira, na kilio ni kimoja: skripti ya kupakua picha za setilaiti imegoma. Au haikugoma, ila kilichoshuka hakieleweki. Naanza na barua ya mwanafunzi wa uzamili, kwa sababu ameeleza vizuri mpaka nusu ya jibu analo mwenyewe.

"Shikamoo dada. Ninaandika tasnifu kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Nina skripti ya Python inayopakua picha za Sentinel-2 kutoka hazina ya Copernicus. Niliiacha usiku kucha chuoni ipakue picha 40. Asubuhi nikakuta imeandika 'Imekamilika' mara 40, hakuna kosa hata moja. Lakini zip ya kwanza tu ndiyo inayofunguka, nyingine zote zinaleta 'BadZipFile'. Nikaiendesha upya, ikamaliza kwa sekunde chache ikisema mafaili yote yapo. Nimebadilisha maktaba ya kufungulia zip, nimesakinisha Python upya, wapi! Msimamizi wangu anataka ramani mwisho wa mwezi. Nisaidie."

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Python yako ni nzima. Hata ile maktaba ya zip uliyoitupa ilikuwa inakuambia ukweli mtupu: ulichoipa ifungue hakikuwa zip. Sasa tutafute kilikuwa nini.

Kabla hujagusa mstari wowote wa msimbo, fungua folda na uyapange mafaili kwa ukubwa. Picha moja ya Sentinel-2 ya daraja la L2A, ile ambayo athari ya angahewa imekwisha kuondolewa, ina uzito wa karibu gigabaiti 1, ikizidi au ikipungua kidogo. Faili lako la kwanza litakuwa hapo. Yale 39 sitashangaa yakiwa hayafiki hata kilobaiti 2, na tena yakilingana hadi baiti ya mwisho. Hapo ndipo pa kushtuka. Picha za siku mbili tofauti haziwezi kulingana namna hiyo, kwani mawingu na maji kupwa na kujaa havibaki vilevile. Mafaili yanayolingana ni ujumbe mmoja uliotumiwa mara 39, na wewe hujausoma hata mara moja.

Basi usome. Chukua faili mojawapo, lifungue kwa Notepad au kihariri chochote cha maandishi, uangalie mwanzo wake. Zip ya kweli huanza na herufi PK, halafu hufuata alama zisizosomeka. Likianza na alama ya {, hilo ni jibu la seva kwa programu yako, na mara nyingi sababu ya kukataliwa imeandikwa humo humo. Likianza na <, umeletewa ukurasa wa tovuti, kwa kawaida ule wa kuingiza jina la mtumiaji na nenosiri. Skripti yako imeuchukua ujumbe huo, ikaupa jina la picha, ikaubandika .zip mwishoni, kisha ikakupongeza. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini tokeni inahusika

Sasa utauliza, mbona faili la kwanza limepona? Sababu ni tokeni. Hazina ya Copernicus haitaki nenosiri lako kila unapoomba picha. Unalitoa mara moja, unapewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaokutambulisha, na hiyo ndiyo unayoambatanisha na kila ombi. Lakini tokeni haiishi muda mrefu. Muda wake umeandikwa ndani ya jibu lenyewe, kwa sekunde, kwenye kipengele kinachoitwa expires_in. Ukikuta 600, una dakika 10 tu.

Piga hesabu. Kwa intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 1 huchukua zaidi ya saa nzima kushuka. Skripti yako, nadhani, iliomba tokeni mara moja tu, juu kabisa, kabla ya kuanza mzunguko wa mafaili. Picha ya kwanza ilianza kushuka tokeni ikiwa hai, ikaachiwa imalize. Zamu ya picha ya pili ilipofika, tokeni ilikuwa imekwisha muda. Seva ikajibu 401, maana yake "sikutambui", na skripti ikaandika "Imekamilika". Ikaendelea hivyo hadi ya 40.

Dawa ziko tatu, na zote unazihitaji.

Ya kwanza: ombi la tokeni liingie ndani ya mzunguko. Njia rahisi ni kuomba tokeni mpya kabla ya kila faili. Njia nadhifu zaidi ni kukumbuka saa uliyoipata, na ikikaribia kuisha uihuishe kwa ile tokeni ya pili unayopewa pamoja nayo, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo hiyo na huishi zaidi ya mwenzake.

Ya pili: isihifadhiwe baiti hata moja kabla namba ya jibu haijaangaliwa. Ukitumia maktaba ya requests, mstari mmoja unatosha: raise_for_status(), mara tu baada ya kupokea jibu. Seva ikikataa, skripti inasimama hapo hapo na kukuambia namba ya kosa.

Ya tatu: faili lisipewe jina lake la mwisho kabla halijatimia. Lishushe kwa jina la muda, linaloishia na .part. Likimaliza, linganisha ukubwa wake na ule uliotajwa na seva kwenye Content-Length. Katalogi ya Copernicus inatoa pia alama ya MD5 kwa kila picha. Ikokotoe upande wako, na zikilingana una hakika kwamba hakuna kilichopotea njiani. Hapo ndipo ulibadilishe jina. Umeme ukikatika katikati, kitakachobaki ni .part, na kila mtu ataelewa kuwa ni kipande.

Kukosekana kwa hiyo ya tatu ndiko kunakoeleza kisa chako cha kuiendesha upya ikamaliza kwa sekunde chache. Skripti iliuliza kama jina la faili lipo kwenye folda, ikakuta lipo, ikaruka. Haikuuliza ndani kuna nini. Kwa hiyo futa hayo 39 kwanza, la sivyo hata skripti iliyorekebishwa itayaruka.

Na kuna jambo ambalo hukuniambia, lakini naliona kwenye barua yako kama nalisoma: mahali fulani ndani ya msimbo wako pana try, chini yake except, na chini yake pass. Huo ni utaratibu wa kumwambia Python "ukikosea, funika, tuendelee". Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Ukitaka mzunguko usikatike kwa sababu ya faili moja bovu, sawa, kamata kosa, lakini liandike kwenye daftari la skripti: jina la picha, saa, namba ya kosa, maneno ya kosa. Asubuhi ukiamka unasoma mistari 39 inayosema 401, na kisa kizima umekimaliza kabla ya chai.

Namba zinazorudi na maana zake

Kwa kuwa barua nyingi zinataja namba hizi bila kuzieleza, tuzipitie upesi.

401 ni utambulisho: tokeni imekufa, nenosiri si sahihi, au tokeni haikufika kabisa. 403 ni ruhusa: unajulikana, ila hujaruhusiwa kugusa hicho. Kwa wanaotumia hazina za NASA, tatizo la namna hii mara nyingi hutokana na kutoidhinisha, ndani ya akaunti yako ya Earthdata, ile huduma unayotaka kupakulia. Unaingia kwa kivinjari, unaiidhinisha mara moja, basi. 404 ni kwamba anwani uliyoiandika haina kitu. 429 ni kwamba umeomba mengi kwa mkupuo. Copernicus humruhusu mtumiaji wa kawaida kupakua mafaili 4 kwa wakati mmoja, kwa hiyo msomaji mmoja aliyefungua mikondo 16 ili amalize haraka alijifungia mlango mwenyewe. Namba zinazoanza na 5 ni za upande wa seva. Hapo msimbo wako hauhusiki. Subiri kidogo, jaribu tena, ukishindwa subiri mara mbili ya muda ule, na uweke kikomo cha majaribio. Skripti inayogonga mlango kila sekunde usiku kucha inachosha seva na inaweza kukufungia akaunti.

Msomaji mwingine anasema tokeni yake ni mpya kabisa, ameipata sekunde hiyo hiyo, na bado anapata 401. Huyu nimwambie aangalie kama ombi lake linaelekezwa kwenye anwani nyingine. Mara nyingi unaomba picha kwenye katalogi, katalogi inakuelekeza kwenye seva ya kupakulia yenye jina tofauti. Requests, kwa usalama wako, huivua tokeni pale inapohamia jina jingine la seva, ili siri yako isimfikie mgeni. Unafika mlango wa pili mikono mitupu. Suluhisho ni kuomba moja kwa moja kwenye anwani ya kupakulia iliyoandikwa kwenye maelekezo ya sasa, au kufuata maelekezo hayo hatua kwa hatua ndani ya msimbo na kuiambatanisha tokeni tena, baada ya kuhakikisha unakopelekwa ni kwa Copernicus wenyewe.

Na wewe ambaye kompyuta yako inalalamikia vyeti vya usalama: angalia saa na tarehe ya kompyuta yako. Betri ya ndani ikifa, mashine nyingi kuukuu hurudi miaka ya nyuma, na cheti halali huonekana hakijaanza kazi. Usiandike verify=False ili kunyamazisha onyo. Hapo utakuwa unapeleka nenosiri lako bila kujua anayelipokea ni nani.

"Dada, hii si Rufiji"

Barua ya pili ni fupi. "Picha zimeshuka vizuri, zinafunguka, ila naona mashamba na vilima vikavu. Bahari iko wapi?"

Bahari iko mbali, mpenzi. Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, iko karibu na latitudo 7.8 kusini na longitudo 39.35 mashariki. Sisi tuliofundishwa ramani shuleni tumezoea kutaja latitudo kwanza. Programu nyingi za ramani, pamoja na muundo wa GeoJSON na ule wa WKT unaoutumia kuchora eneo la kutafutia, hutaka longitudo itangulie. Sahihi ni 39.35 kisha -7.8. Ukizigeuza, umeomba latitudo 39.35 kaskazini na longitudo 7.8 magharibi, na hapo ni Alentejo, Ureno, kwenye nchi ya mialoni ya magome ya kutengenezea vizibo vya chupa. Seva haikukosea. Imekupa ulichoomba.

Kuna ndugu yake kosa hilo, nalo ni kusahau alama ya kutoa. Latitudo 7.8 bila alama hiyo inakupeleka kaskazini mwa ikweta, kwenye nyanda za juu za Arsi nchini Ethiopia, kati ya Asella na Bekoji, kwenye vijiji vilivyotoa wakimbiaji kama Haile Gebrselassie na Kenenisa Bekele. Mahali pazuri, lakini mikoko haioti huko.

Kinga yake ni kusoma jina la faili kabla ya kupakua. Sentinel-2 imeigawa dunia katika vigae vya takribani kilomita 110 kwa 110, na namba ya kigae imo ndani ya jina la kila picha. Delta ya Rufiji iko kwenye kigae cha T37MEM, na katikati ya jiji la Dar es Salaam ni T37MEN. Ile 37 ni ukanda wa ramani wetu. Ikija namba ya kigae inayoanza na T29, umefika Ureno. Weka mstari mmoja kwenye skripti: kama jina halina T37MEM, simama.

"Natafuta, naletewa sifuri"

Wapo watatu wenye kilio hiki, na kila mmoja ana ugonjwa wake.

Wa kwanza ametumia skripti aliyoikuta kwenye somo la zamani, inayogonga kwenye scihub. Hazina hiyo ilifungwa mwishoni mwa Oktoba 2023, na mahali pake pamechukuliwa na mfumo mpya wa Copernicus Data Space, wenye akaunti zake, anwani zake na utaratibu wake wa tokeni. Akaunti yako ya zamani haikuhamishwa, jisajili upya, ni bure. Masomo mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo yanatumia maktaba ya sentinelsat iliyotengenezwa kwa ajili ya mlango ule wa zamani. Usipoteze jioni kuyafufua. Siku zote angalia tarehe ya somo kabla ya kunakili msimbo wake.

Wa pili ameweka sharti la mawingu yasiyozidi asilimia 5, na anatafuta Aprili. Mdogo wangu, Aprili pwani ya Kibiti ni masika! Halafu kuna jambo wengi hamlijui: asilimia ya mawingu inahesabiwa kwa kigae kizima, na wewe unahitaji delta peke yake. Kigae cha T37MEM kimebeba delta na kisiwa cha Mafia pamoja. Wingu likitanda juu ya Mafia, picha inakataliwa hata kama mikoko yako iko wazi juani. Legeza sharti hadi 60, kisha tumia tabaka la SCL linalokuja na kila picha ya L2A, ambalo limeipa kila pikseli aina yake: 3 ni kivuli cha wingu, 8 na 9 ni mawingu, 10 ni mawingu membamba ya juu. Ondoa hizo ndani ya mpaka wa delta, uone kilichobaki. Ukihitaji masika yenyewe, hamia Sentinel-1, ambayo ni rada na hupenya mawingu.

Wa tatu anatafuta picha za 2010. Sentinel-2A ilirushwa Juni 2015, na mwenzake 2B Machi 2017. Huwezi kupata picha ya setilaiti ambayo haijazaliwa. Nenda Landsat, ambayo imekuwa ikipiga picha tangu 1972, na tangu 2008 kumbukumbu zake ni bure. Pikseli yake ya 2010 ni mita 30 badala ya 10, lakini kwa historia ya msitu hakuna mpinzani. Jihadhari tu na Landsat 7 baada ya Mei 2003, kifaa chake kimoja kiliharibika na picha zina michirizi mitupu.

Kisha kuna kaka mmoja ambaye halalamiki kabisa, na huyo ndiye aliyenitia wasiwasi. Anasema kila mwaka anapata picha 20 na anashukuru. Kaka, setilaiti mbili zinapita kila siku 5, hiyo ni mara 73 kwa mwaka. Idadi ikiwa 20 kamili kila unapotafuta, ujue umeletewa ukurasa wa kwanza tu wa majibu. Katalogi hutoa 20 usipoiambia vinginevyo. Ongeza kiwango kwa $top, au ufuate ukurasa unaofuata hadi yaishe.

Mikoko iliyokufa kwa siku moja

Barua hii nimeiweka peke yake kwa sababu madhara yake ni makubwa. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye mradi wa misitu amelinganisha 2021 na 2023, akaona kijani cha mikoko kimeporomoka ghafla, delta nzima. Anauliza kama ni ukataji.

Tulia kwanza. Tangu 25 Januari 2022, picha za Sentinel-2 zilianza kutengenezwa kwa utaratibu mpya ambao kila thamani inaongezewa 1000, ili sehemu zenye giza sana zisiishie kwenye namba hasi na kukatwa. Zamani uligawanya kwa 10,000 ukamaliza. Sasa unatoa 1000 kwanza, ndipo unagawanya.

Tuone kwa pikseli moja ya mikoko. Tuseme bendi ya nyekundu, B04, ina 400, na ile ya infraredi ya karibu, B08, ina 3000. Kipimo cha ukijani, NDVI, ni tofauti yao ugawanye kwa jumla yao: 2600 kwa 3400, unapata 0.76. Msitu umeshona. Pikseli hiyo hiyo, mti ule ule, kwa utaratibu mpya itasomeka 1400 na 4000. Usipoitoa ile 1000, unagawanya 2600 kwa 5400 na kupata 0.48. Ukichora ramani, nusu ya msitu imenyauka na hakuna aliyeshika shoka.

Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Mafaili yanafunguka, ramani inachorwa, rangi zinapendeza. Kisha ripoti inaandikwa, na lawama zinawaangukia wakulima wa mpunga wa deltani, ambao tayari wana mivutano ya kutosha na wahifadhi. Ndiyo maana nasema skripti inayopiga kelele ina nafuu, angalau unajua inaumwa. Inayonyamaza ndiyo ya kuogopa, kwa sababu uongo wake hauishii kwenye kompyuta.

Usidhani kwamba tarehe ya kupigwa picha inatosha kukuambia. Picha nyingi za zamani zimetengenezwa upya kwa utaratibu mpya, kwa hiyo ya 2019 inaweza kuwa na hiyo 1000 pia. Fungua faili la maelezo ndani ya kila picha, lile la XML, utafute BOA_ADD_OFFSET. Skripti isome humo yenyewe, kila picha, kila mara.

Na wewe unayeshangaa kwamba picha imeandikwa 07, yaani saa moja asubuhi, wakati jua linaonekana limepanda: hiyo ni saa ya dunia, UTC, sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Setilaiti hii hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Bando limeisha, picha bado

Wengi mmelia na bando. Kigae kimoja, mara 73, kwa gigabaiti 1: hiyo ni gigabaiti zaidi ya 70 kwa mwaka mmoja. Hata diski ya kompyuta ndogo inaweza kukataa. Na ukisoma jibu kwa .content badala ya kuweka stream=True, unaibeba gigabaiti nzima kwenye kumbukumbu ya mashine kwanza. Kompyuta ya RAM ndogo itaganda, utadhani ni intaneti.

Jiulize unahitaji nini hasa. Kwa NDVI ni bendi mbili tu, pamoja na SCL ya kuondolea mawingu. Zipo hazina zinazotoa kila bendi kama faili lake, katika muundo wa GeoTIFF uliopangwa ili usome dirisha dogo tu bila kushusha faili zima. Unaomba kipande cha delta, unaletewa megabaiti chache. Na kama kazi si ya biashara, Google Earth Engine itakufanyia hesabu huko huko kwenye kompyuta zao, wewe ukapakua ramani ya mwisho tu. Kupakua picha nzima kuwe chaguo la yule anayezihitaji kweli.

Mwisho, mnaponiandikia

Naomba mawili. La kwanza, jamani, nenosiri lisikae ndani ya skripti. Watatu mmenitumia misimbo yenye nenosiri lililo wazi, na mmoja ameiweka GitHub hadharani. Yabadilisheni leo, kisha muyaweke kwenye vigezo vya mfumo au kwenye faili la siri lisilopakiwa. Na kama nenosiri lako lina & au $ na unatumia curl, liwekee alama za nukuu moja na ulipeleke kwa --data-urlencode, la sivyo alama hizo zitaeleweka vingine na utapewa 401 huku umeliandika sawasawa.

La pili, msinitumie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, nusu ikiwa kivuli cha kidole. Nakilini maandishi ya kosa yote, hasa mstari wa mwisho. Nitajieni namba ya jibu, ukubwa wa faili kwa baiti, herufi za mwanzo za faili hilo, na tarehe ya somo mlilonakili. Futeni tokeni kabla ya kutuma.

Na wewe wa mikoko, kabla hujaiachia tena skripti picha 40 usiku kucha, ipe 2 ukiwa umekaa hapo hapo. Kisha ivuruge makusudi: weka nenosiri la uongo. Rudia, zima intaneti katikati ya faili. Rudia tena, geuza longitudo na latitudo. Mara zote tatu inatakiwa isimame na iseme kwa nini. Ikiandika "Imekamilika" hata mara moja, bado haijaiva. Ramani ya msimamizi isitoke humo.

Ni mimi dada yenu.